Mikono ya Babu Kimya

Watu waliomfahamu Mama Kona juujuu walisema ni mwanamke mkali, wakaishia hapo, kana kwamba ukali ni kitu mtu anazaliwa nacho kama kitovu. Si kweli, na mimi nakataa. Mama Kona alitiwa ukali. Alitiwa na wanaume waliomuuliza mumeo yuko wapi tuongee naye habari za kazi. Alitiwa na wahandisi wenye tai shingoni waliochukua michoro yake na kuirudisha ikiwa na majina yao. Na Alhamisi ile ninayotaka kuwasimulia alitiwa na mtu wa tumbo moja naye, na hapo ndipo ulipojaa ukamwagika.

Kazi yake ilikuwa kubuni njia za rola kosta. Ndiyo, zile treni ndogo za kwenye bustani za michezo, zinazopanda kilima cha chuma taratibu kisha zinaachiwa na watu wanapiga mayowe. Kuna mtu huwa anakaa akaamua zipande wapi, zishuke wapi, zipinde kona gani na zilale kiasi gani. Wengi hudhani mashine hizo huletwa na meli zikiwa zimekamilika. Nyingine ndiyo. Za bustani ya habari hii zilitoka kichwani mwa mwanamke mfupi mwenye ovaroli la kijivu na penseli sikioni, ambaye hakuwahi kukanyaga chuo chochote.

Bustani yenyewe, mkiiona mtacheka. Upande mmoja ukuta wa gereji ya mabasi, upande wa pili ukuta wa shule, nyuma mfereji wa maji machafu, mbele barabara. Ukipima kwa miguu, hatua hamsini na mbili kwa ishirini na moja. Mwenye bustani alikuwa ameitwa Mkurugenzi kwa muda mrefu hadi mkewe naye alimwita Mkurugenzi, hata mezani. Bwana huyo alitaka treni tatu kwenye kiwanja hicho: ya watoto, ya vijana wanaotafuta kufa, na ya watu wazima waoga wanaotaka tu kusema na wao walipanda. Na zote tatu ziwe tofauti, mtu akishuka hii apate hamu ya ile. Akampa Mama Kona ramani ya kiwanja na tabasamu, akaenda zake.

Mama Kona akaingia kazini kwa namna yake. Alikuwa na ubao mpana, misumari, koleo, na roli la waya wa kufungia. Kila msumari nguzo, kila jozi ya waya reli. Alikunja, akaweka goroli juu ya zile nyaya mbili, akaiachia, akainama mpaka pua inakaribia kugusa ubao ili aone inavyokimbia. Ikiruka nje, anakunja upya. Ikikwama katikati, anakunja upya. Ubao huo ulikaa juu ya meza ya kulia miezi minne. Mume wake, mshona viti, ndiye huyohuyo aliyeshona viti vya treni zote, alikula miezi yote minne akiwa ameshika sahani mkononi. Alisema yeye ndiye mume pekee mtaani aliyefukuzwa mezani na goroli.

Na akaipata njia. Alitumia kilima kimoja kwa treni zote tatu. Treni ya vijana ilidondoka kutoka juu ikapita katikati ya tumbo la reli ya watoto, ikalala ubavu kwenye kona, ikatokea upande wa gereji. Treni ya watoto ilizunguka juu yake kwenye nguzo zilezile. Ya waoga ilipita pembeni polepole, wakiwatazama wenzao wanavyokufa. Watu wa kompyuta walikuwa wamesema kiwanja kile hakitoshi hata treni moja na nusu. Mama Kona aliwajibu kuwa hofu haitaki nafasi, inataka nguzo inayokujia usoni halafu ikakukosa. Kanuni yake ilikuwa maneno sita tu: karibu na jicho, mbali na mkono. Kila nguzo ya bustani ile aliisimamisha kwa maneno hayo.

Kanuni hiyo hakuitoa hewani, aliachiwa na baba yake.

Baba yake alikuwa fundi wa mageti, na karakana ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yao. Mzee alikuwa na mikono mirefu isiyo ya kawaida. Akisimama katikati ya karakana na kuinyoosha, aligusa kuta zote mbili. Na alikuwa na domo. Aliongea akichomelea, aliongea akila, na mkewe aliapa kuwa usingizini ndiyo alizidisha. Siku moja waonyesha michezo wanaohamahama wakamletea treni yao iliyovunjika kona. Binti yake, wakati huo ana miaka kumi na miwili, akashikilia ncha ya bomba likikunjwa, akauliza kwa nini kona inamtupa mtu nje. Mzee akasema hajui, na kwamba yeyote atakayejua kati yao wawili amwambie mwenzake. Binti ndiye aliyejua kwanza. Akaipenda kazi ile kuliko shule, kuliko kusuka nywele, kuliko kila kitu.

Treni ilipotengemaa, mzee akakataa kuirudisha mpaka aijaribu. Akalaza mbao sakafuni, akalala chali juu yake na mikono ameitanua, akampa binti yake chaki amchore pembezoni. Hata pale chini hakunyamaza. Alisimulia habari ya geti la mtu fulani mwanzo hadi mwisho. Kisha akakata mbao kwa mchoro ule, akaunga kiungo kwa kiungo, akapata mtu wa mbao mwenye kimo chake na mikono yake. Wakampakiza kwenye gari la treni, wakamfunga mkanda, mikono imetanuka huku na huku, wakampaka chaki kwenye ncha za vidole. Wakaivuta treni kwa winchi ya mkono, mwendo wa mtu anayetembea, njia nzima. Palipobaki alama nyeupe, pana kitu cha kusogezwa. Hapakuwa na ubishi. Mafundi wakamwita Babu Kimya, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumwona mzee amefunga mdomo.

Mzee alifariki, Babu Kimya akabaki. Kila njia aliyoibuni Mama Kona, Babu Kimya alikuwa abiria wa kwanza. Kwenye mkono wake wa kushoto palikuwa na alama ya moto, mahali bolti ya moto ilipomwangukia siku za mzee mwenyewe. Mama Kona akimpaka chaki alikuwa na desturi ya kuweka kidole gumba pale kwenye alama na kutanua kiganja; kidole chake cha mwisho kiliishia sawasawa kwenye ncha ya vidole vya yule wa mbao. Ndiyo ilikuwa salamu yao.

Mikono ile mzee aliiacha mahali pengine pia. Aliiacha kwa mdogo wake Mama Kona, wa kiume, fundi mkuu wa kuchomelea pale bustanini, aliyeitwa Cheche tangu siku alipochoma pazia la mama yao. Mama Kona yeye alichukua ufupi wa mama. Na Cheche akampa mikono hiyo binti yake wa miaka kumi na mitano, mrefu mpaka amekuwa anainama kwa aibu milangoni. Binti huyo alikuwa ameahidiwa kiti cha kwanza mbele kwenye treni ya vijana siku ya ufunguzi. Alikuwa haongei kingine. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi, shule zimeshafungwa, na matangazo yamebandikwa mpaka kwenye vyoo vya stendi.

Sasa sikilizeni walichofanya.

Wiki mbili kabla ya ufunguzi, binti yake Mama Kona alijifungua mji mwingine, na Mama Kona akaenda kumlea mzazi siku tisa. Siku tisa tu, na njia yote ilikuwa imesimama, imebaki kupaka rangi na kumpitisha Babu Kimya. Huku nyuma Mkurugenzi akawapangisha watu ukanda wa upande wa gereji waweke bango kubwa la tangazo. Bango lina miguu, na miguu inataka mahali. Akamwita Cheche, akamwambia asogeze reli ya watoto ndani kidogo tu. Cheche akaisogeza upana wa viganja viwili, na nguzo zake pamoja nayo. Mojawapo ni nguzo ya kumi na moja, pale ambapo treni ya vijana inatoka kwenye kona kwa kasi yake yote, watu wakiwa wamenyoosha mikono.

Mama Kona alirudi Jumatano mchana, miguu imevimba kwa safari. Cheche akampokea kwa furaha iliyopita kiasi, akamtafutia kiti, akamletea chai ya moto. Akamweleza habari ya bango, akasema wamesogeza kidogo na Babu Kimya ameshapitishwa, hajagusa kitu. Mkaguzi wa manispaa angekuja Ijumaa, saa nne asubuhi, kumwona akipita kwa macho yake. Mama Kona akanywa chai, akaisifu, akaulizia wifi yake na mpwa wake. Cheche akasema binti ameshachagua na nguo ya kuvaa Jumamosi.

Alhamisi asubuhi Mama Kona akachukua futi yake akapima. Alipofika nguzo ya kumi na moja alipima mara tatu. Yeye aliiacha kiganja kimoja nje ya ncha ya mkono. Ikisogezwa viwili, inaingia kiganja kimoja ndani. Babu Kimya alipaswa kuigonga, pa! Na bado anaambiwa kapita bila kugusa.

Mnajua alifanya nini? Alijilaumu yeye. Mwanamke yule, mwenye miaka thelathini kwenye kazi hiyo, akarudi nyumbani akainamia ubao wake wa waya asubuhi nzima akitafuta kosa lake. Alifikiri ni uzee. Alifikiri labda tangu mwanzo alipima vibaya, na kama alikosea pale basi amekosea wapi pengine. Akaliweka koleo chini bila kulipata. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba mtu anakuibia halafu anakuacha unajipekua mifuko yako mwenyewe.

Mchana akarudi bustanini, akaenda stoo alikowekwa Babu Kimya, amefunikwa turubai. Akamfunua. Sijui alitaka nini pale. Nadhani alitaka kukaa tu na mtu asiyeongea. Akamshika mkono wa kushoto kama kawaida yake, kidole gumba kwenye alama ya moto, akatanua kiganja.

Vidole vyake vitatu vikaning'inia hewani.

Akatazama vizuri. Ncha za vidole zilikuwa zimepigwa msasa na kupakwa rangi ya kahawia kufanana na zilivyokuwa. Akakwaruza kwa ukucha. Ndani mbao nyeupe, iliyokatwa juzi. Akapima mkono wa kulia, nao vilevile. Walikuwa wamekata urefu wa kiganja kimoja na vidole viwili, pande zote mbili, kwa unadhifu wa fundi anayejua kazi. Na pale bustanini fundi wa kukata hivyo alikuwa mmoja.

Alimkuta Cheche kwenye benchi la kazi na mafundi wanne. Hakupaza sauti, na waliomjua waliweka chini vyombo vyao.

"Nani amemkata Babu Kimya?"

Cheche hakujitia hamnazo, nampa sifa hiyo moja. Alisema ni yeye. Alisema Mkurugenzi alimwambia dada yako akirudi atasimamisha kila kitu, tutakosa likizo ya shule, na watu wote hawa watakaa bila kazi mpaka likizo nyingine. Alisema kuirudisha nguzo ile sasa ni kung'oa bango na kukata msingi, wiki tatu. Alisema treni inapita kufumba na kufumbua, nani atakayenyoosha mkono wote, tena pale, tena sekunde ile.

"Na ni mbao tu, dada," akamalizia.

"Hiyo ni mikono ya baba."

"Ni mbao."

"Vipande viko wapi?"

Hapo Cheche akatazama chini. Fundi mmoja akakohoa. Mama Kona akarudia swali, na aliyejibu ni mzee wa kupaka rangi, kwa sababu Cheche alishindwa. Alisema siku ile kuni zilikuwa zimeloa, kwa hiyo walichemshia chai.

"Chai ipi?"

Mama Kona alisimama pale na chai ya Jumatano ikampanda kooni upya. Aliisifu chai ile. Alisema imeiva.

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkurugenzi, na mafuta yake ya bomba kwenye mikono, akaegemea meza yake nyeupe makusudi. Mkurugenzi hakukasirika, watu wa aina yake huwa hawakasiriki, hukuachia wewe kazi hiyo. Akamvisha kilemba cha ukoka kwanza: hakuna mbunifu kama yeye, walikuwa wanafikiria hata kuweka picha yake kwenye lile bango. Kisha akaeleza kuwa getini pameandikwa kwa herufi kubwa abiria waweke mikono ndani. Kisha akasema, kwa upole, kwamba marehemu baba yake alikuwa na mikono ya ajabu, Mungu amrehemu, na huwezi kujenga bustani nzima kwa ajili ya mikono ya marehemu mmoja. Hakuna mtu mwenye mikono kama ile, alisema.

Mama Kona akamwona akilini mpwa wake anavyoinama milangoni.

Alimpa vidonge vyake. Alimwambia watu hawapandi treni ile kuweka mikono ndani, wanapanda ili wainyooshe, na yeye Mkurugenzi anajua kwa sababu picha aliyoichoresha kwenye matangazo yote ina watu sita na mikono kumi na miwili juu. Alimwambia mtoto mwenye mikono ile yupo, ana kiti cha mbele kesho kutwa, na baba yake ndiye aliyeshika msumeno. Mkurugenzi akasikiliza mpaka mwisho. Akasema anamwomba kitu kimoja tu, kesho mbele ya mkaguzi asilete mambo ya kifamilia.

Jioni ile nyumbani Mama Kona alilipuka. Alizunguka meza, akapiga ubao kwa kiganja mpaka misumari ikacheza. Alisema ataandika barua. Alisema atasimama getini Jumamosi na kipaza sauti. Alisema atamwambia mkaguzi yote, neno kwa neno, na wakimwita mwanamke mkali mwenye wivu na kazi ya mdogo wake, na wataita, basi waite. Kisha akakaa, akalia kwa hasira, akifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akisema huyu Cheche nimembeba mgongoni mimi, huyu.

Mume wake alikuwa anashona kiti. Hakuinua kichwa. Alisema Babu Kimya miaka yote ile hakuwahi kumwambia mtu kitu, alikuwa anagusa tu, na watu wanaamini. Akakata uzi kwa meno. Mama Kona akamtazama, akanyamaza, na alipoamka asubuhi bado alikuwa amenyamaza.

Ijumaa saa nne mkaguzi akafika na faili lake kwapani, mtu wa makamo, mwangalifu, anayefuta kiti kabla ya kukaa. Alikuwa anamjua Babu Kimya kutoka kazi za nyuma na alimwamini. Cheche alikuwa ameshamfunga kwenye kiti cha mbele cha treni ya vijana, rangi yake inang'aa. Mkurugenzi alikuwa ameleta viti vya kukalia na mwavuli.

Mama Kona akafika pale akiwa na kipande cha chaki. Akapanda jukwaani, akafungua mkanda, akamnyanyua Babu Kimya mwenyewe, na si mwepesi, akamweka chini.

"Huyu leo hapandi," akamwambia mkaguzi. "Ameumia mikono. Atapanda mtu."

Mkurugenzi akacheka, akasema hakuna haja ya kumsumbua mtu. Mkaguzi akauliza mwendo ni upi. Akaambiwa ni uleule wa winchi, mwendo wa kutembea, hata ukigusa kitu unagusa kama unavyogusa mlango. Mkaguzi akasema haoni ubaya, tena yeye angependa kuona.

"Panda, Cheche," Mama Kona akasema.

Cheche akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama saa yake. Mafundi wote walikuwa wamesimama wanaangalia, na fundi mkuu anayeogopa kukaa kwenye treni aliyoichomelea yeye mwenyewe hana pa kuficha uso. Akapanda. Dada yake akamfunga mkanda, akamshika mkono wa kushoto, akaanza kumpaka chaki kidole kwa kidole. Chaki haikushika, vidole vilikuwa vimelowa jasho. Akavikausha kwa ovaroli lake, akapaka tena. Tangu walipozika baba yao hakuwa amemshika mkono.

"Nyoosha," akamwambia. "Usikunje mpaka ufike."

Mafundi wawili wakaanza kuzungusha winchi. Treni ikapanda kilima polepole, Cheche mbele, mikono imetanuka, baba yao mwenyewe kabisa. Mzee wa kupaka rangi alivua kofia bila kujua. Ikashuka ikiwa imeshikiliwa na kamba, ikapita tumboni mwa reli ya watoto, haikugusa. Ikapita nguzo ya tisa, ya kumi. Ikaingia kona, ikalala ubavu, ikaanza kutoka.

Hatua mbili kabla ya nguzo ya kumi na moja, mkono wa kushoto wa Cheche ukakunjika. Aliurudisha kifuani, taratibu, treni ikapita, kisha akaunyoosha tena, akitazama mbele.

Mama Kona akainua kiganja, winchi ikasimama. Akatembea mpaka chini ya reli, akasimama pale ambapo kila mtu angesikia.

"Umekunja."

Cheche akaendelea kutazama mbele.

"Nimekwambia usikunje. Mbona umekunja?"

"Ingegonga, dada."

"Ingegonga nini?"

"Mkono wangu."

"Wewe unaijua ile nguzo," Mama Kona akasema. "Umeisimamisha wewe, umeiona inakuja, umekunja. Na ni mwendo wa kutembea. Mwanao kesho atakunja?"

Cheche alibaki pale juu amefungwa mkanda, mkono mmoja bado umenyooka, na uso wake ukavunjika mbele ya watu wote. Mama Kona hakumhurumia. Aliwaambia mafundi wairudishe treni nyuma hatua nne, na akamwambia mdogo wake anyooshe tena. Safari hii hakukunja. Vidole vyake vinne vikagota kwenye chuma na kupinda kurudi nyuma, vikaacha mistari minne myeupe kwenye nguzo. Mkaguzi akapanda ngazi, akaitazama mistari ile kwa karibu, akashuka, akafunga faili lake bila kuandika ruhusa. Alichoandika alikiandika kwenye karatasi nyingine, na Mkurugenzi akalazimika kuisaini kwenye goti lake kwa sababu mwavuli ulikuwa umekuja bila meza.

Jumamosi hapakufunguliwa kitu. Jumatatu wakakata nguzo ya kumi na moja, na bango likaondolewa mguu kwa mguu. Mkurugenzi alimwita Mama Kona akamwambia kazi hii ikiisha wasionane tena, na Mama Kona akamjibu kuwa hilo ndilo jambo la kwanza la maana alilolisikia kutoka kwake. Mpwa wake alikasirika na ulimwengu mzima kwa sababu ya nguo yake, akakataa kuongea na baba yake wala shangazi yake. Hakuna aliyemweleza.

Wiki iliyofuata Mama Kona alilaza mbao mpya kwenye sakafu ya stoo. Akamtuma mtu amwite Cheche. Akaja, akasimama mlangoni, akaanza kusema dada naomba unisamehe. Mama Kona akamwonyesha mbao.

"Lala."

Akalala chali, akatanua mikono. Mama Kona akapiga magoti na chaki, akaanza kumchora kuanzia begani. Baba yao alipolala vile alikuwa anaongea mfululizo. Huyu hata kupumua alikuwa anapumua kwa kuomba ruhusa. Chaki ikapita kwenye kiwiko, ikapita kifundo, ikafika ncha ya kidole cha kati. Haikusimama. Mama Kona akaivuta mbele kiganja kimoja na vidole viwili zaidi, ndipo akakata mstari.

Cheche akainua kichwa, akatazama. Akauliza hicho cha ziada ni cha nini.

"Cha atakayekuja na msumeno," dada yake akamjibu, akahamia mkono wa pili.